Leka Dutigite: Kiha Katika Wimbo wa Kiswahili

Mwaka 2012 wanamuziki wenye asili ya Kigoma, miongoni mwao Diamond Platnumz, Mwasiti na Linex, walikusanyika kwa jina la Kigoma All Stars, wakatoa wimbo uitwao Leka Dutigite. Kisha wakaenda kuuimba hadharani mjini Kigoma, katika uwanja wa Lake Tanganyika. Wengi wao walipata sifa Dar es Salaam kwa kuimba Kiswahili, lakini furaha ya siku ile waliipa jina la Kiha.

Asiyejua Kiha huambiwa kwamba maana yake ni "acha tujidai". Tafsiri hiyo yafaa kwa haja ya haraka, lakini ina kasoro. Katika Kiswahili ajidaiye hulaumiwa kabla hajasikilizwa. Neno lenyewe limebeba lawama. Jina la Kiha limemwepusha msikilizaji wa Kiswahili na lawama hiyo, likamwachia fahari peke yake.

Umbo nalo lastahili kutazamwa. Du- hiyo ni tu- ile ile ya nafsi ya kwanza wingi. T yake imegeuka d kwa kuwa yafuatwa na t nyingine. Ndiyo kanuni iliyopewa jina la Edmund Dahl, aliyeichungua katika Kinyamwezi. Basi kiungo hicho si kigeni, bali ni ndugu.

Atakayelalamika kwamba Kiswahili kimechanganywa na akumbuke Ujiji, mji wa misafara, ambako Kiswahili kimekaa jirani na Kiha tangu karne ya 19. Jina hili lilistahili kuachwa bila kutafsiriwa.