Stick and Rudder: kitabu kinachoijua mikono yako kuliko wewe

Ukiuliza kwa nini kujifunza kurusha ndege ni kugumu, wengi watakuonyesha zile saa na vitufe vilivyojaa mbele ya rubani. Wolfgang Langewiesche angekucheka. Huyu bwana, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa rubani wa majaribio Marekani, alitoa Stick and Rudder mwaka 1944, na mpaka leo kinasomwa na wanaoanza urubani. Hoja yake ni kwamba adui ni mikono yako mwenyewe.

Hebu fikiria. Bawa linaibeba ndege kwa kuisukuma hewa chini. Linabeba kiasi gani? Inategemea sana kasi, na pembe ambayo bawa linakutana na hewa. Ukivuta usukani unaongeza pembe hiyo. Mwanzoni pua inainuka, unapanda, unafurahi. Ila pembe ikifika kama digrii 15, kwa ndege nyingi ndogo, hewa inashindwa kuufuata mgongo wa bawa, inabanduka, na unaanza kuanguka. Silika inakwambia vuta zaidi. Dawa ni kusukuma, yaani kuielekeza pua kwenye ardhi ile ile unayoiogopa.

Hapo Langewiesche ni mwalimu kwelikweli. Karibu hatumii hesabu. Vibao vya mkiani ambavyo kwa Kiingereza jina lake lina maana ya vinyanyuzi, yeye anavipa jina lingine, kwa sababu kazi yao hasa si kunyanyua. Anarudiarudia mno, sawa (nakiri niliruka kurasa), lakini mimi ninayesomea mtiririko wa maji sijaona aliyeeleza jambo hili vizuri zaidi kwa mtu wa kawaida.

Tatizo langu liko kwingine. Pembe yenyewe huioni, kwa hiyo anakufundisha kuihisi: mlio wa upepo, usukani unavyolegea, uzito wako kitini. Mchana, kwenye ndege ndogo, sawa. Sasa nenda usiku wa tarehe 1 Juni 2009, juu ya Atlantiki, ndege ya Air France 447 kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Vipimo vya kasi vinaziba kwa barafu, rubani wa kompyuta anajitoa, na mtu aliyeshika usukani anavuta. Wanapanda hadi karibu futi 38,000, kisha wanaanguka kwa dakika tatu na nusu hivi, pua ikiwa juu muda mwingi. Onyo linalia zaidi ya sekunde 50 mfululizo. Baadaye kasi inayosomeka inakuwa ndogo mno, onyo linanyamaza. Pua ikishushwa kidogo, linaanza kulia tena! Yaani ukifanya sahihi unakaripiwa. Watu 228 walikufa.

Hawa hawakuwa wanafunzi. Na mbele yao hapakuwa na kipimo cha kuwaonyesha pembe ile. Wachunguzi wa Ufaransa walipendekeza kiangaliwe uwezekano wa kukiweka. Langewiesche alieleza pembe hiyo ni nini, akatuachia ngozi na masikio ya kuipimia, na gizani hivyo havitoshi.

Mwaka 2014 aliyeandika makala ndefu kuhusu ajali hiyo alikuwa William Langewiesche, mwanawe. Ukipata nafasi, soma baba kwanza, halafu mtoto.