Maji ya Samaki wa Nne

Samaki wa nne alipotolewa, maji hayakumwagwa. Mengine nitakayoyasema kuhusu onyesho lile la woga wa samaki mnaweza kuyabishia, lakini hilo halina ubishi, kwa sababu kamera iliyosimamishwa mbele ya tangi imelinasa. Mkono unaingia na kimia, samaki anatoka, mtu anachungulia ndoo ya maji ya uvuguvugu, anakuta imekauka. Anamtazama mwenzake. Mwenzake anatazama saa. Samaki wa tano anatumbukizwa mlemle.

Chuo sikitaji. Mliokuwa ukumbini mnakijua, na mliotazama mkanda baadaye mmemsikia msemaji akisema kwa uchangamfu, "Tuendelee, tone lenyewe lilikuwa dogo." Nilikuwa safu ya tatu, nikafunga daftari. Kwangu mimi jaribio liliishia pale. Yaliyofuata, pamoja na lile jedwali la rangi na makofi ya mwisho, yalikuwa mapambo ya nyumba isiyo na msingi.

Niwape haki yao, kwa ufupi kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Joto la nyuzi 28 lilisimamiwa vizuri, pande za tangi zilizibwa kwa kadibodi ili samaki wasionane, na aliyetengeneza maji yaliyooshea ngozi ya samaki alikuwa na mkono mwepesi: mikato midogo, bila kuchimba nyama. Basi.

Mpangilio mnaukumbuka. Danio, wale samaki wadogo wa maabara, kumi na wawili, mmoja mmoja. Wenye namba witiri wanapewa maji matupu kwa sirinji, wenye namba shufwa wanapewa maji yaliyooshea ngozi ya mwenzao. Dakika tatu za kutazama kabla ya sirinji, dakika tatu baada yake. Wa kwanza akapita, tangi likamwagwa na kusuuzwa. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Wa nne, mwenye maji ya ngozi, akapita, na tangi likabaki kama lilivyo mpaka samaki wa kumi na mbili.

Sasa rudisheni mkanda nyuma, mtazame samaki wa tatu kisha wa tano. Wote wawili ni wa kulinganishia, wa maji matupu, kwa hiyo kabla ya sirinji wangepaswa kufanana. Wa tatu anatumbukia na kuzama moja kwa moja, kama afanyavyo danio yeyote akiwekwa mahali pageni. Anakaa chini, anapapasa pembe moja baada ya nyingine. Dakika ya pili anaanza kupanda, anashuka, anapanda tena. Kufikia dakika ya tatu yuko juu, anadonoa uso wa maji kana kwamba anatafuta chakula. Huo ndio wasiwasi wa ugeni. Unakuja, na usipochokozwa unapungua wenyewe.

Wa tano hafanyi hivyo. Sekunde chache tu baada ya kuingia, sirinji ikiwa bado mezani, anakurupuka. Kushoto, kulia, anajigonga kwenye kioo, anageuka ghafla pasipo kitu cha kukwepa. Halafu anaganda. Tumbo liko karibu na sakafu, mapezi yamebanwa, hakuna kinachocheza ila macho na mashavu, na mashavu yanafunguka na kufunga haraka mno. Dakika ya tatu anaingiziwa maji matupu, naye wala hajali, amekwisha kuganda zamani. Msemaji anatugeukia: "Mnaona? Hata asiyepewa kitu anaogopa mazingira mapya."

Asiyepewa kitu! Alikuwa anaogelea ndani ya hicho kitu.

Kukurupuka kisha kuganda ni saini ya kengele ya ngozi, yaani ile kemikali inayotoka kwenye ngozi iliyojeruhiwa na kuwaonya wenzake, na ndiyo hatua mbili walizotufundisha wao wenyewe kwenye utangulizi, kwa picha. Samaki alipozifanya mbele yao bila ruhusa ya ratiba, wakazipa jina jingine. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza, wakiwa na tenga akilini. Ukitaka tafsiri ya maabara ndiyo hii: mmoja akiogopa kwenye maji yasiyobadilishwa, namba za wote zimeoza.

Na uozo wenyewe una upande unaoelekea. Wengi hudhani uchafu wa namna hii hukuza matokeo. Hapa uliyafuta. Wa kulinganishia wakiwa wameogopa kama wa majaribio, tofauti ya makundi mawili inakuwa ndogo, na tofauti ikiwa ndogo mtu anapata nafasi ya kupanda jukwaani na kusema walichosema: kwamba danio waliofugwa vizazi vingi wamepoteza woga wao wa asili. Hitimisho zito hivyo limesimama juu ya ndoo moja iliyokauka.

Turudi kwenye utetezi wa "tone dogo", maana nimeusikia tena wiki hii kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Udogo wa tone la maji ya ngozi haumaanishi kitu hapa. Mwaka 1989 Lawrence na Smith walipima kwa samaki mdogo wa Marekani, Pimephales promelas, wakakadiria kwamba ngozi ya sentimita moja ya mraba inatosha kutia kengele kwenye maji ya lita zipatazo 58,000. Danio si samaki yule, sawa, na namba haihamishwi kama mzigo. Lakini mnaelewa ukubwa wa jambo. Tangi lao lilikuwa la lita chache. Kengele hii iliumbwa ifanye kazi mtoni, ambako kila kitu huchanganyika na maji mengi, na ndiyo maana anayeisoma anatumia pua yenye ukali ule.

Karl von Frisch alilijua hili kabla hatujazaliwa. Wengi wenu mnamfahamu kwa nyuki na ngoma yao, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973 aliyogawana na Lorenz na Tinbergen. Mimi namheshimu zaidi kwa makala yake ya 1938 kuhusu Phoxinus, samaki mdogo wa maji baridi ya Ulaya. Alimrudisha mmoja aliyejeruhiwa kundini, kundi likashtuka na kukimbia. Mtu mwingine angeandika "wamevurugika" akaendelea na kazi yake. Yeye aliacha alichokuwa akitafuta, akaifuata ile hofu. Alilinganisha ngozi na viungo vingine, akaona nguvu iko kwenye ngozi. Akakata neva ya kunusa, samaki wakaacha kuitikia. Akaiita Schreckstoff, kitu cha kutisha, na mwaka 1941 akaichapa habari nzima kwa kirefu. Hakuwa na programu ya kufuatilia samaki wala kamera ya leo. Alikuwa na macho, subira, na adabu kwa maji.

Hiyo adabu ndiyo imepotea, na mnaonijua mnajua ninakoelekea. Tangu Levin, Bencan na Cerutti walipoonyesha mwaka 2007 kwamba nikotini inapunguza muda ambao danio anakaa chini ya tangi geni, kazi yao ikiwa safi kabisa, dunia nzima imechora mstari katikati ya kioo: juu ujasiri, chini woga. Kompyuta inahesabu sekunde, mtu anakunywa chai. Lakini samaki mgonjwa hukaa chini. Aliyeleweshwa na dawa hukaa chini. Aliyetoka kukimbizwa na kimia na kuning'inizwa hewani hukaa chini, na hapo umepima mkono wa mwanafunzi, hujapima dawa yako. Programu haioni mashavu wala haijui kama mapezi yamebanwa. Kama siku ile macho mawili ya mtu yangekuwa kwenye kioo badala ya kwenye skrini, samaki wa tano angepiga kelele yake ikasikika.

Kipimo cha giza na mwanga, kinachomwachia samaki achague upande mweusi au mweupe, nacho nimekipigia kelele mpaka mhariri amechoka. Mwaka 1999 Serra na wenzake wa Brazil walionyesha kwamba danio anapendelea upande mweusi. Maabara nyingine zikapata kinyume, na walipochunguza wakaona mengi yanategemea taa imewekwaje na upande "mweupe" umepakwa nini. Hili lisingemshangaza mvuvi wa Mwanza. Dagaa wa Ziwa Victoria, omena kwa jirani zetu, yumo katika ukoo mmoja wa uainishaji na danio, na kila usiku usio na mbalamwezi anaifuata taa ya mtumbwi mpaka ndani ya wavu. Mwite mwoga au jasiri? Mvuvi hana haja na neno lolote kati ya hayo. Anajua taa, anajua mwezi, anajua saa, na hachanganyi.

Wakitaka shujaa wa karibu na kwetu, yupo mtafiti Russell Fernald. Samaki wake, Astatotilapia burtoni, anatoka Ziwa Tanganyika. Fernald hakuishia kwenye tangi. Mwaka 1977, akiwa na Hirata, alichapa uchunguzi wa samaki huyo akiwa ziwani kwake, anavyolinda eneo, anavyotishwa, anavyoshindwa. Ndiyo maana alipomtazama maabara alijua anachokitazama: dume aliyeshindwa hupoteza rangi na ule mstari mweusi wa jichoni ndani ya dakika chache, na rangi hiyo inakuambia hali yake kuliko sekunde mia za kukaa chini. Waliofanya onyesho letu nadhani hawajawahi kumwona danio nje ya rafu ya plastiki.

Sisemi kila kipya ni kibovu. Mwaka 2010 kikundi cha Okamoto cha Japani kilinyamazisha sehemu ndogo ya habenula, eneo dogo la ubongo, na danio aliyefundishwa kukimbia tishio akaganda badala yake, kazi nzuri. Mwaka 2012 watafiti wa Singapore walionyesha kwamba vipande vya sukari iitwayo kondroitini ni sehemu ya kengele ya ngozi, nzuri pia. Na mwaka 2023 ikaonyeshwa kwamba danio huambukizwa woga kwa kumtazama tu mwenzake aliyeogopa, na kwamba homoni ya oksitosini inahusika. Kadibodi yao ilitokana na somo hilo, nami niliipongeza hapo juu. Ila fikirini: waliziba macho kwa uangalifu wote ule, wakaacha pua wazi.

Kurekebisha kulikuwa rahisi, na ndilo linaloniuma. Matangi mawili, moja la maji matupu na moja la maji ya ngozi, yasiwahi kubadilishana. Kama tangi ni moja tu, basi wa maji matupu wapite wote kwanza. Si mpangilio bora, maana saa nayo hubadili samaki, lakini ni mara mia kuliko hili. Au samaki wapangwe kwa kura badala ya ule mfuatano wa witiri na shufwa ambao hata mtoto angeukisia, na mhesabu asijue nani kapewa nini. Au, rahisi kuliko yote, ndoo ilipokauka waseme: mabwana na mabibi, maji yameisha, tutaendelea kesho. Hakuna mtu ambaye angeondoka ukumbini amechukia. Haraka haraka haina baraka tumeisema mpaka imekuwa wimbo wa harusi, ila siku ile ilikuwa na namba: samaki wanane kati ya kumi na wawili.

Mtaniuliza kama kuna kinachookolewa. Kipo kidogo. Samaki wa kwanza hadi wa nne waliingia kwenye maji safi, kwa hiyo mnao wawili wa kila upande. Hao hawatoshi kusema lolote kuhusu woga, lakini wanatosha kufundishia. Dakika tatu za mwanzo za samaki wa tano nazo zitunzwe kwenye faili lake. Ukiondoa hitimisho walilolibandika, zile ndizo dakika bora za onyesho zima. Zinaonyesha, bila aliyekusudia, kwamba danio wao waliofugwa vizazi na vizazi bado wanaisoma kengele ya ngozi. Jawabu la swali lao lilikuwa kwenye kioo, nao wakaligeuzia mgongo kutafuta namba.

Yupo mmoja ambaye hakuhesabiwa kati ya wale kumi na wawili, na jina lake halikutajwa hata kwenye shukrani. Ni yule aliyeuawa asubuhi ili ngozi yake ioshwe kwenye maji. Tunamuua samaki kwa makubaliano kwamba kifo chake kitatufundisha kitu ambacho tusingekijua vinginevyo. Makubaliano hayo yalivunjwa kwa ndoo moja ya maji ya bomba, ambayo ingejazwa na kupashwa moto kwa nusu saa.

Kwa hiyo msomaji, siku nyingine ukionyeshwa jedwali la woga wa samaki, usianze na nyota za takwimu zilizo juu ya nguzo zake. Uliza maji yalibadilishwa lini. Wakisita kujibu, funga daftari.