Katumbi na hektari 500: tuhesabu nini?

Bandugu wasomi, kila tukitaja Moïse Katumbi tunagawanyika: hawa wanaimba, wale wanatukana. Mimi nilisoma kilimo. Niruhusuni nimpime na kitu chenye ninakijua, mahindi. Lakini tuanze na kura.

Wengi wanasema watu wa Katanga walimchagua kuwa gavana. Hapana. Mwaka 2006 wananchi walimchagua depute wa taifa. Ugavana, Januari 2007, alipewa na ma-depute wa bunge la jimbo, njo vile Katiba inataka. Muhula ni miaka mitano. Uchaguzi wa majimbo haukufanyika tena mpaka Desemba 2018, basi yeye, kama magavana wenzake, aliendelea tu, mpaka alipojiuzulu Septemba 2015. Mwisho wa 2014, aliposimama mbele ya watu Lubumbashi akauliza kama tutakubali penalti ya tatu ya uongo, nilikuwa kijana na nilipiga makofi. Leo ninajiuliza juu ya dakika zake mwenyewe za nyongeza. Kosa la kukosa uchaguzi halikuwa lake peke yake, lakini gavana asiyerudi kwa mpiga kura anatawala kwa amri. Na amri yake kubwa kwenye kilimo ilikuwa hii: kila kampuni ya madini ilime hektari 500.

Wazo lilikuwa zuri, sikatai. Bukari yetu inategemea unga wa Zambia. Zambia ikifunga mpaka, Lubumbashi yote inalia. Lakini hektari si chakula. Udongo wetu mwekundu wa huku una asidi, fosfori ni kidogo. Bila chokaa na mbolea, hektari 500 zinaweza kukupa majani ya kupendeza na magunia ya aibu. Tena mahindi yanataka kupandwa mvua zikishaingia, Novemba mpaka Desemba hivi. Nilipokuwa mwanafunzi nilitembelea shamba la kampuni moja, jina naliacha. Trekta mpya, kibao kikubwa barabarani, na mahindi ya kufika magotini katikati ya Februari. Nikauliza walipanda lini. Walingoja mbolea, wakapanda Januari. Mtu wa kampuni akaniambia bila haya: sisi kazi yetu ni shaba, hii ni ya gavana.

Na gavana akiondoka? Mwaka ule ule wa 2015 Katanga ilikatwa majimbo manne. Amri ya mtu mmoja itamfuata nani?

Watetezi wake watasema Kinshasa haikutoa ile 40% ya mapato yenye Katiba inapatia majimbo. Ni kweli kabisa. Watasema pia barabara za Lubumbashi, na hapo wana haki, mimi mwenyewe nilipita juu ya lami ile kwenda masomo. Lakini makampuni aliyaamrisha bila kungoja Kinshasa. Angeweza kuwaambia: nusu ya ile gharama iwe chokaa na mbegu kwa mama mwenye hektari yake moja njia ya Kasenga. Yule mama analima hata gavana akibadilika, juu watoto wake wanakula pale pale.

Agosti 2018 alizuiwa kuingia nchini pale Kasumbalesa, mlango ule ule wa unga wetu, na hakuweza kuweka kandidatire. Ilikuwa dhuluma, na niliisema wakati ule. Kwa hiyo Desemba 2023 ndiyo mara ya kwanza nchi nzima ilimpigia kura: wa pili, karibu 18%, mbele yake Tshisekedi na zaidi ya 73% katika matokeo yenye upinzani uliyakataa. Kwenye kampeni ile nilitafuta tani ngapi zilitoka kwenye hektari zile. Nilisikia hektari, trekta, na Mazembe. Tani sikusikia.

Mwenye alifanya staji kwenye shamba lolote la wakati ule na ana namba za mavuno, anitumie. Hata za msimu mmoja.