Dakika 10 za Stromboli: safari ya tanga na miguu ilivyopangwa upya

Tarehe 3 Julai 2019, saa 10:46 jioni, kilele cha Stromboli kilipasuka. Safu ya majivu ilipanda kilomita kadhaa angani, mawe ya moto yakamiminika mteremkoni, vichaka vya upande wa kijiji cha Ginostra vikashika moto, na mtu mmoja aliyekuwa akitembea mlimani akapoteza maisha. Anayetaka kuelewa jinsi safari za tanga na miguu zinavyopangwa leo katika visiwa hivi vya Italia na aanze na saa hiyo. Enzi hizo, kila siku ya kiangazi, makundi ya wageni yalipanda alasiri ili yafike kileleni jua linapozama. Mlipuko ungechelewa saa tatu tu, ungewakuta wameketi juu yake.

Stromboli ni kimoja cha visiwa saba vya Eolie, kaskazini mwa Sisilia, vilivyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Vingine ni Lipari, Vulcano, Salina, Panarea, Filicudi na Alicudi. Vyote ni vilele vya volkano zilizoota kutoka sakafu ya bahari. Stromboli inaonekana kuwa na mita 924 hivi, lakini mguu wake uko kwenye kina cha takriban mita 2,000, na ndiyo pekee kati ya saba inayofoka siku baada ya siku. Visiwa vimekaribiana: mashua ya tanga inayokwenda maili 5 au 6 za baharini kwa saa hutoka Milazzo hadi Vulcano kwa saa tatu hivi, na Panarea hadi Stromboli kwa saa mbili. Wiki moja inatosha kuvizunguka, na ndiyo maana safari nyingi huuzwa kwa wiki.

Kabla ya 2019, wiki hiyo ilijengwa juu ya jioni moja. Mgeni alivaa kofia ngumu, akapanda na kundi lake hadi Pizzo sopra la Fossa, mita 918, mahali ambapo matundu ya volkano yanatazamwa kutoka juu, kama mtu anayechungulia kisima. Akishashiba macho, alishuka gizani kwa taa ya kichwani, mguu ukizama katika mchanga mweusi wa Rina Grande. Siku nyingine zote zilikuwa maandalizi ya jioni ile. Mashua nayo ilikuwa daladala tu: iliwaleta, ikawasubiri, ikawachukua.

Baada ya milipuko ya 2019 kilele kikafungwa. Katika misimu iliyofuata amri za meya ziliweka mipaka miwili: mita 290 kwa anayetembea peke yake, na mita 400 kwa anayefuatana na kiongozi mwenye leseni. Mipaka hiyo hupandishwa na kushushwa kulingana na hali ya mlima, na mara nyingine njia hufungwa kabisa. Meya mwenyewe yuko Lipari, kwa kuwa halmashauri hiyo moja inatawala visiwa sita. Salina peke yake ina halmashauri tatu. Mwandaaji wa safari husoma amri hizo kwa makini kama anavyosoma utabiri wa upepo.

Waandaaji wengi wangeweza kusema basi, tumekwisha. Walichofanya wale makini ni kugeuza hesabu: mashua ikaacha kuwa daladala, ikawa jukwaa la kutazamia.

Hapa inafaa kueleza kinachotazamwa. Volkano hii hutokota kama uji mzito jikoni. Gesi hujikusanya ndani ya bomba la mlima, hupanda ikiwa povu kubwa, na ikifika juu hupasuka na kurusha vipande vya lava. Hilo hutokea kila baada ya dakika 10 au 20, na limekuwa likitokea kwa karne nyingi, hata mabaharia wakaiita Stromboli mnara wa taa wa Mediteranea. Milipuko ya kawaida haifiki mbali. Ile mikubwa, kama ya Julai 2019, ina asili nyingine: magma iliyojaa gesi hupanda kwa kasi kutoka kilomita kadhaa chini na kufika juu kabla gesi yake haijapata nafasi ya kutoka taratibu.

Je, mlima hutoa dalili? Hutoa, ila kwa kuchelewa. Chuo Kikuu cha Florence kina mitambo mlimani inayopima mwinamo wa ardhi, na kumbukumbu zake zinaonyesha kwamba kabla ya mlipuko mkubwa ardhi ya kileleni huvimba kidogo, uvimbe usioonekana kwa macho, kwa muda wa kama dakika 10. Ving'ora vya kisiwani vimeunganishwa na uangalizi wa aina hiyo. Kwa hiyo swali la kitaalamu si kama mlima ni hatari, maana jibu lake linajulikana. Swali ni hili: mgeni wako atafanya nini kwa dakika 10?

Akiwa Pizzo, hakuna cha maana. Kushuka kutoka pale huchukua zaidi ya saa moja. Akiwa mita 400, dakika hizo zinamtosha kiongozi kuwaondoa watu ukingoni, kuwarudisha nyuma ya mgongo wa mlima na kuhakikisha kila kichwa kina kofia. Akiwa ndani ya mashua yenye injini inayonguruma tayari, ikienda maili 6 kwa saa, dakika 10 ni maili moja kamili ya baharini, yaani mita 1,852. Katika hesabu hiyo bahari inashinda, na inashinda kwa mbali.

Lakini bahari nayo haitoi usalama bure. Tarehe 28 Agosti 2019, saa 6:17 mchana, Stromboli ililipuka tena. Wingu la majivu, gesi na mawe lilishuka Sciara del Fuoco, ule mteremko mpana wa kaskazini-magharibi unaopokea karibu kila kinachotapikwa na matundu, likafika ufukweni na kuendelea kukimbia juu ya maji kwa mamia ya mita. Mashua moja ya tanga ilikuwa karibu. Video iliyopigwa kutoka ndani yake, wingu likiwafuata kwa nyuma, ilizunguka dunia nzima. Wote walitoka salama. Kila nahodha wa Eolie anapaswa kuitazama video ile kwa jicho la ufundi, akijiuliza omo ilikuwa imeelekea wapi, injini ilikuwa katika hali gani, na umbali ulikuwa kiasi gani.

Desturi ya nahodha mwangalifu mbele ya Sciara leo ni hii. Hufika kabla giza halijaingia, ili auone ufukwe na vyombo vingine. Hukunja tanga lote, kwa kuwa tanga lililo juu hupunguza uwezo wa kugeuka haraka. Hukaa nje ya mpaka uliowekwa na mamlaka ya bandari, huacha injini ikinguruma polepole, na hugeuza mashua hadi omo itazame bahari kuu na tezi itazame mlima. Abiria huketi tezini wakiangalia nyuma. Likitokea la kutokea, hakuna kugeuka wala kubishana; ni mkono mmoja tu kusukuma wenzo wa injini mbele. Ni jambo dogo, na ndilo linalotofautisha safari iliyofikiriwa na ile iliyoigwa.

Kuna pia maji yenyewe. Tarehe 30 Desemba 2002 sehemu ya Sciara iliporomoka baharini na kuzusha tsunami iliyopanda kisiwani hadi mita 10 hivi katika baadhi ya maeneo. Hakuna aliyekufa, kwa sababu ilikuwa majira ya baridi na fukwe zilikuwa tupu. Mwezi Agosti hesabu ingekuwa nyingine. Leo maboya mawili ya vipimo yamesimama, moja kila upande wa Sciara, yakisubiri badiliko la usawa wa bahari ili king'ora kilie. Aliye ufukweni hukimbilia juu. Aliye kwenye mashua huelekea kwenye kina kirefu, kwa kuwa tsunami huwa fupi penye kina na hukua inapokaribia nchi kavu. Stromboli inasaidia kwa hili: sakafu yake huporomoka upesi, na safari ya dakika chache hukufikisha penye mamia ya mita.

Kuporomoka huko huko ndiko tatizo la kutia nanga. Stromboli haina bandari iliyokingwa. Mashua hutia nanga mbele ya Scari au Ficogrande, kwenye ukanda mwembamba wa mchanga mweusi. Baharia hutazama kipima kina huku nahodha akisogea taratibu: mita 20, 15, 10, shusha. Mnyororo hutolewa mara nne au tano ya kina, kisha mashua hurudi nyuma kwa injini ili nanga ijichimbie. Ukikosea mita chache kuelekea nje, nanga inaning'inia kwenye mteremko bila kushika chochote. Baharia wa Pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea maji ya Zanzibar yanayopanda na kushuka mita 4 bamvua linapokuja, angeshangaa kuona kwamba kupwa na kujaa hapa si jambo la kuingizwa kwenye hesabu: tofauti haifiki nusu mita. Hesabu yote ni ya upepo.

Na upepo ndio unaoandika ratiba, hata kama karatasi aliyopewa mgeni inasema vingine. Utabiri wa bahari husomwa mfululizo kwenye redio ya VHF, chaneli 68. Maestrale, upepo wa kaskazini-magharibi, ukivuma, upande wa kaskazini wa Stromboli haukaliki. Scirocco ya kusini-mashariki ikija, hali hugeuka. Mfano mzuri uko Vulcano, ambako shingo nyembamba ya ardhi hutenganisha ghuba mbili: Porto di Levante upande wa mashariki na Porto di Ponente upande wa magharibi. Nahodha hulala upande ambao upepo hautoki, na usiku ukigeuka huzunguka rasi na kuhamia upande wa pili. Visiwa vyote vingekuwa na ghuba za namna hiyo, kazi ingekuwa rahisi mno.

Ndiyo maana wiki mpya imetengewa jioni mbili za Stromboli badala ya moja. Moja ni ya mashua mbele ya Sciara, nyingine ni ya miguu hadi mita 400, na inayotangulia ni ile ambayo hewa imeiruhusu. Kundi linapopanda, mtu mmoja anayejua kuendesha hubaki mashuani. Upepo ukigeuka, huing'oa nanga na kuondoka, na walio mlimani hulala kisiwani hadi asubuhi. Jambo hilo huelezwa wageni siku ya kwanza, si usiku wenyewe. Pia nahodha haongozi kundi mlimani: sheria ya Italia Na. 6 ya mwaka 1989 inaitambua kazi ya kiongozi wa volkano kama taaluma yenye mafunzo na leseni yake, kwa hiyo safari ya kweli ina mabosi wawili, mmoja wa maji na mmoja wa nchi kavu, na kila mmoja anaweza kusema hapana.

Mpangilio wa kupanda nao umebadilika. Vulcano huja kwanza. Gran Cratere ina mita 391 tu, mwendo wa saa moja hivi, na humfundisha mgeni mambo asiyoweza kuambiwa: majivu yanavyoteleza, harufu ya salfa inavyokamata koo, upepo unavyoamua upande upi wa ukingo unapitika. Mlipuko wake wa mwisho ulikuwa wa miaka ya 1888 hadi 1890, lakini volkano yenyewe haijafa. Katika vuli ya 2021 gesi iliongezeka kiasi kwamba kupanda kulipigwa marufuku na wakazi wa eneo la Porto wakakatazwa kulala majumbani mwao, kwa kuwa kaboni dioksaidi ni nzito kuliko hewa na hujikusanya mabondeni na vyumba vya chini usiku. Waandaaji waliokuwa na mpango mmoja tu walikwama.

Waliokuwa na akili ya akiba waliikuza Salina. Fossa delle Felci, mita 962, ndicho kilele kirefu kuliko vyote saba, na volkano yake imelala zaidi ya miaka 10,000. Njia hupita katikati ya misonobari na michestinati hadi kasoko iliyojaa makangaga, na chini yake ni mashamba ya kaperi na zabibu za Malvasia. Huko hakuna moto, na kuna bandari halisi kwa siku ya upepo mbaya. Kwa maoni ya safu hii, ndiyo siku bora ya kutembea katika wiki nzima: miguu inachoka kwa heshima, na kutoka juu visiwa vingine sita vimepangika kama ramani.

Jioni ya Sciara ikiisha, mashua nyingi hazilali Stromboli. Nahodha huiacha Ginostra kushoto, taa zake chache zikiwa za mwisho kuonekana kisiwani, kisha hushika njia ya kusini-magharibi. Kazi yake ngumu bado iko mbele. Kaskazini-mashariki mwa Panarea kuna mkusanyiko wa visiwa vidogo na miamba, Basiluzzo, Dattilo, Lisca Bianca na Bottaro, palepale njiani, na Novemba 2002 sakafu ya bahari karibu na Bottaro ilitoa gesi kwa nguvu hadi maji yakawa kama yanachemka. Anayeingia usiku hupunguza mwendo, humweka mtu omoni na tochi, na hupita nje ya miamba yote hata ikimgharimu nusu saa zaidi. Abiria kwa kawaida wamekwisha lala.