Slack na AppSheet: ujumbe unafika ku biro, jibu linabaki njiani

Bandugu, siku hizi proje za kilimo zinapotafuta vijana, utaona mu tangazo: "awe anajua kutengeneza programu bila kuandika kodi". Wenzetu wa agronomia wameanza kuweka AppSheet mu CV, na wengine wanaongeza kwamba wanajua kuiunganisha na Slack. Ni vizuri. Lakini naona huo muunganiko tunausifu haraka sana, na mwenye kulipa bei ya hiyo haraka ni mulimaji. Leo nataka tuupime sawa vile tunapima mbegu mpya: tusisome tu karatasi ya mwenye kuuza, tuangalie inazaa nini mu shamba.

Kwanza, kwa wale wenye hawajaigusa. AppSheet, yenye Google ilinunua mu 2020, inachukua tablo ya kawaida, kwa mufano ya Google Sheets, inaigeuza programu ya telefone. Monitere anafika mu kijiji, anajaza fomu, anapiga foto, anatuma. Slack ni chombo cha mazungumuzo ya timu, yenye kugawanywa mu kanali, kila kanali na mada yake. Kuviunganisha si kazi kubwa. Mu Slack unaomba anwani moja ndefu yenye inaitwa webhuku. Mu AppSheet unaweka sheria: mustari mupya ukiingia mu tablo ya magonjwa, tuma maneno haya ku anwani ile. Mutu mwenye amezoea anamaliza kwa dakika 20.

Na faida iko. Wote tunajua grupe ya WhatsApp ya kazi: habari ya ugonjwa inaingia kati ya tangazo la musiba na video ya mahubiri, kesho yake haiko rahisi kuipata tena. Kanali moja ya magonjwa tu, kila ujumbe na kijiji, tarehe, dalili na foto, hiyo ni hatua mbele. Sitaki kuikataa.

Sasa tuiweke mu shamba la kweli. Nachukua munyauko wa bakteria wa migomba, ule wa Xanthomonas, kwa sababu tangu ulionekana upande wa Masisi mu 2001 hivi, njo umemaliza migomba ya watu wengi kwetu Kivu. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati, ukikata shina maji mazito ya manjano yanatoka. Hakuna dawa ya kupuliza. Kinachosaidia ni kufanya mbio: kutoa shina lenye kuugua, kuvunja ua dume kwa muti wenye panda, na kupitisha panga ku moto mbele ya kugusa mugomba mwingine. Mulimaji asipoambiwa, panga ile ile inakata mugomba mugonjwa na muzima, na ugonjwa unatembea kwa mukono wake mwenyewe.

Kwa hiyo, biro kujua haitoshi. Kinachotakiwa ni jibu limufikie mulimaji mbele ashike tena panga. Kwa kipimo hicho, muunganiko wa kawaida wa Slack na AppSheet unaanguka mara tatu.

1. Saa ya ujumbe si saa ya ugonjwa. AppSheet inaweza kujazwa bila mutandao. Data inabaki mu telefone mpaka monitere apate mutandao. Sheria ya kutuma inaanza kazi tu pale data imefika ku seva. Monitere akijaza fomu Jumanne ku mulima, akishuka Ijumaa penye kuko mutandao, Slack italia Ijumaa. Shefu anaona ujumbe mupya, anafikiri ugonjwa ni wa leo. Siku tatu zimepotea na hakuna mutu anajua kwamba zimepotea. Dawa yake ni ndogo: weka mu ujumbe saa mbili, saa ya kuona shambani na saa ya kufika.

2. Njia ni ya upande mumoja. Webhuku ya namna hii inaingiza maneno mu Slack, haisomi kitu. Agronome akijibu chini ya ujumbe "toeni hilo shina, chomeni panga", jibu linakaa palepale. Halirudi mu tablo, halishuki ku telefone ya monitere. Na monitere mara nyingi hata hayuko mu Slack, kwa sababu Slack ya kulipia inahesabiwa kwa kila mutumiaji, na watu wa kijijini njo wa kwanza kutolewa ku liste. Niliona hayo mu kazi moja ya kufuatilia migomba. Mu kanali watu walijibiana vizuri, na vidole gumba juu. Ku kijiji, mulimaji aliuliza monitere: "Sasa wakubwa wamesema nini?" Monitere alinyamaza, kwa sababu kwa telefone yake hakukuwa kitu. Siku hiyo programu yote ilikuwa inafanya kazi bila kosa hata moja.

3. Slack si ghala. Tangu 2022 toleo la bure linaonyesha mazungumuzo ya siku 90 tu. Mugomba unachukua karibu mwaka mpaka uvunwe. Ukirudi mu shamba kuangalia kama ugonjwa umerudia, shauri lenye lilitolewa mwanzoni haulioni tena. Kitu chenye kina maana kibaki mu tablo.

Tusishangae sana. Slack ilitoka mu kampuni yenye ilikuwa inatengeneza muchezo wa kompyuta, Glitch. Muchezo ulifungwa mu 2012, chombo chao cha kuongea ndani ya timu kikageuka bidhaa, kikafunguliwa kwa watu wote mu 2014, na Salesforce ikakinunua mu 2021. Kilifikiriwa kwa watu wa kampuni moja, wenye kukaa mbele ya kompyuta na mutandao siku muzima. Kwa hao kinafaa. Monitere mwenye anatafuta mutandao kwa kupanda kilima hakuwa mu mawazo yao, na ni sisi wa hapa tunapaswa kumuweka mu mupango.

Inawezekana, tena bila kodi. Ujumbe wa Slack uwe kengele tu. Ndani yake weka kiungo chenye kufungua kesi ile ile mu AppSheet. Formula yake ni LINKTOROW. Agronome anabofya, anaandika mu kolone ya "Shauri", ndani ya tablo. Telefone ya monitere ikikutana na mutandao, shauri linashuka, na anaweza kulisoma mbele ya mulimaji hata kama mutandao umekatika. Kisha ongeza sheria ya pili, ya kila asubuhi: liste ya kesi zenye zimepitisha saa 24 bila shauri, na jina la mwenye zamu. Hiyo sheria ya pili njo ngumu kupitisha mu mukutano, kwa sababu inaonyesha nani hajajibu. Lakini bila hiyo, kanali ni radio ya kusikiliza magonjwa.

Maneno mawili ya uangalifu. Anwani ya webhuku ni siri: mwenye kuipata anaweza kutuma ujumbe mu kanali yenu bila neno la siri lingine, basi usiipige foto kuionyesha ku grupe. Na kujaribu AppSheet ni bure kwa watu wasiozidi 10, lakini programu inakaa mu akaunti ya mutu fulani. Muulize mapema ni akaunti ya nani, na nani atailipia proje ikiisha.

Wengine watasema: si upige simu tu? Kama muko na monitere wane na agronome mumoja, nakubali, pigeni simu. Jibu litafika mbio kuliko programu yoyote. Lakini simu haiachi alama, na vijiji vikiwa 30 hakuna mutu ataona kwamba ugonjwa unafuata barabara moja ya soko. Hapo tablo inakushinda wewe na kumbukumbu yako.

Basi mwenzangu, proje ikikuita kuunganisha Slack na programu ya bila kodi, usiwaonyeshe tu ujumbe unatokea ku skrini. Chora pia mushale wa kurudi, kutoka biro mpaka mu shamba, na uandike juu yake jina la mutu. Na wenye mumeshatumia vyombo hivi, mutuambie: ku kazi yenu, jibu lilichukua siku ngapi kumufikia mulimaji?