Vichujio Viwili

Mashine yangu ya kuchezea sidii ina vichujio viwili, kikali na cha taratibu. Wiki nzima niliapa kuwa cha taratibu hulainisha fidla za taarabu. Kitabu cha maelezo kilikuwa kimeniambia hivyo, nami, mtiifu, nikasikia. Kisha binti yangu akawa anabadilisha huku nimempa kisogo: katika mara 20 nikapatia 11. Ni sawa na kurusha shilingi! Sidii hubeba sampuli 44,100 kwa sekunde. Vichujio hivyo hutofautiana hasa karibu na mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambako sikio la umri wangu halifiki. Vijana, sibishi, pengine husikia. Mashine nimeiacha kwenye kile cha taratibu.