Ukimkataa tajiri, nani atalipa mafuta?

Mwanasiasa akitangaza jukwaani kwamba hataki fedha za matajiri, hadhira hushangilia. Jioni wapambe wake wakikaa kupanga safari ya kesho, linakuja swali lisilo na makofi: mafuta atalipa nani? Kauli ya jukwaani huchukua dakika moja. Jibu la swali hili linataka hesabu, watu na daftari. Jimbo la Vunjo, ambalo Marangu ni sehemu yake, limepitia mengi yanayotusaidia kuona jibu hilo linavyoundwa na linavunjikia wapi.

Tuanze na gharama zenyewe. Vunjo ni jimbo la kupanda na kushuka. Chini kuna tambarare za Kahe na Makuyuni, kuna Himo na Njiapanda kwenye barabara ya kwenda Taveta, halafu Kilema, Kirua, Marangu, Mamba na Mwika zinapanda mlima katikati ya migomba na kahawa. Matumizi ya mgombea humo hugawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kuwafikia watu: gari, mafuta, vipaza sauti, mabango. La pili ni la kulinda kura: mawakala wa vituoni, nauli zao na chakula chao. La tatu ni la kulainisha: fulana, vitenge, bia, mbege na bahasha.

Mafungu mawili ya kwanza yana ukomo, na wananchi wa kawaida wanaweza kuyachangia. La tatu halina ukomo, maana ukitoa elfu tano mwenzako atatoa kumi. Hilo ndilo linalomleta tajiri mezani, na tajiri haji bure. Kwa hiyo anayetaka kumkataa aanze kwa kulifuta fungu la tatu, ndipo atafute namna ya kulipia mawili yaliyobaki.

Mrema na nguvu ya umati

Aliyeonyesha mapema kwamba watu wanaweza kuziba pengo la fedha ni Augustino Lyatonga Mrema, mwana wa Kiraracha, Marangu. Februari 1995, akiwa waziri, alipingana bungeni na msimamo wa Serikali yake kuhusu mfanyabiashara aliyekopeshwa fedha za umma kwa ajili ya mashamba ya mkonge. Akaondolewa kwenye Baraza la Mawaziri, akaihama CCM, akagombea urais kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Alikuja kwenye kampeni akitokea kwenye ugomvi juu ya fedha na wafanyabiashara, na wapiga kura walilijua hilo.

Mtaji wake ulikuwa umati. Mashabiki walilisukuma gari lake kwa mikono barabarani, yaani sehemu ya fungu la kwanza ililipwa kwa jasho. Oktoba mwaka ule alipata asilimia 27.8 ya kura dhidi ya 61.8 za Benjamin Mkapa wa CCM, na mkoa wa Kilimanjaro ukamwangukia yeye. Kwa chama kilichoandikishwa miaka michache tu kabla, hayo yalikuwa mavuno makubwa.

Lakini umati hauna orodha. Anayesukuma gari leo hajaandikwa jina, hajulikani anakaa kitongoji gani, na hakuna wa kumpigia kesho kumwomba akae kituoni hadi kura ya mwisho ihesabiwe. Chama nacho kiliingia kwenye mgogoro kati ya Mrema na kiongozi mwenzake Mabere Marando, na mwaka 1999 Mrema akahamia chama cha TLP. Alirudi bungeni mwaka 2010 kama mbunge wa Vunjo, safari hiyo kwa siasa za nyumbani zaidi. Somo la 1995 ni la kiufundi: shauku hutosha mkutano mmoja, lakini kampeni nzima huhitaji kumbukumbu za nani katoa nini.

Takrima: fungu la tatu lilipopewa kibali

Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi ya 1985 na kuruhusu kinachofanywa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa jadi kisihesabiwe kuwa rushwa. Ndiyo ikaitwa takrima. Tazama kifungu hicho kinavyofanya kazi Uchagani. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, huzungushwa kwa kata kutoka mkono hadi mkono. Posa, msiba na usuluhishi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, vina mbege yake. Mgombea akituma pipa kwenye kikao cha wazee, nani atamnyooshea kidole? Mwenye uwezo wa pipa moja yuko sawa na mila. Mwenye uwezo wa mapipa mia naye, kwa maneno ya sheria ile, yuko sawa na mila.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika ya LEAT na NOLA walikipinga kifungu hicho Mahakama Kuu, na Aprili 2006 majaji watatu wakakitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Hoja iliyobeba hukumu ni ya usawa: takrima inampendelea mgombea mwenye kipato kikubwa, na haina mstari unaoonyesha ukarimu unaishia wapi na rushwa inaanzia wapi. Mahakama haikuizuia mbege. Ilichokataa ni mila kutumiwa kama stakabadhi ya kununulia kura.

Sheria ya 2010 na mianya yake

Machi 2010 Rais Jakaya Kikwete alitia saini Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwa muundo, ni sheria nzuri. Inamtaka mgombea aeleze fedha alizonazo na anazotarajia kupata. Inampa waziri mamlaka ya kuweka ukomo wa matumizi kwa kuzingatia ukubwa wa jimbo, idadi ya watu na hali ya mawasiliano. Inazuia fedha za nje kugharamia kampeni. Ilipotungwa iliweka pia kiwango cha kutangaza: mchango unaozidi shilingi milioni moja kwa mtu binafsi, au milioni mbili kwa taasisi, uripotiwe kwa Msajili wa Vyama vya Siasa.

Mwanya wa kwanza uko hapo kwenye kiwango. Chukua mfanyabiashara mwenye shilingi milioni 48 za kumpa mgombea. Akizigawa kwa majina 60 ya ndugu, madereva na wafanyakazi wake, kila jina linabeba laki nane. Hakuna hata moja lililofika milioni. Kwenye karatasi mgombea ana wachangiaji wadogo 60, kumbe ana mmoja tu. Kiwango cha kutangaza hufanya kazi pale orodha nzima inapowekwa hadharani, mwananchi aone kwamba majina 60 yametoka kwenye kampuni moja. Taarifa ikilala kwenye jalada la ofisi, hakuna wa kuligundua hilo.

Mwanya wa pili ni mkono unaotoa bila kuitwa kampeni. Jumapili baada ya ibada, nje ya kanisa, kuna mnada wa sadaka zisizo fedha: mkungu wa ndizi, kuku, trei ya mayai. Mwanasiasa mgeni anaketi mbele. Mkungu ambao soko la Himo lingeuuza kwa bei ya kawaida unapanda mara kumi, anaulipia, kisha anaurudisha kwa mama wa kwaya aendelee kunadi. Usharika umepata paa, mgeni amepata makofi, na hakuna risiti yenye neno uchaguzi. Anaweza kufanya hivyo miaka minne mfululizo kabla kipenga cha kampeni hakijapulizwa.

Mwanya wa tatu ni muda. Sheria inagusa pia uteuzi ndani ya vyama, lakini macho ya umma hufunguka kampeni zikianza, wakati katika majimbo mengi mshindi huwa amepatikana tayari kwenye kura za maoni. Na hapo idadi ya wanaopiga kura ni silaha. Mwaka 2010 CCM iliwapa wanachama wote haki ya kupiga kura za maoni za ubunge, mbinu inayopandisha bei ya kununua ushindi. Mwaka 2020 kazi ikarudi kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo. Nchi nzima ikacheka na msemo wa "wajumbe si watu wazuri", yaani walikula na kura hawakutoa. Kicheko hicho kinaficha hesabu mbaya: ukumbi wa watu mia kadhaa unaweza kufikiwa kwa bahasha, jimbo zima haliwezi.

Tone Tone

Februari 2025, CHADEMA chini ya mwenyekiti mpya Tundu Lissu ilizindua Tone Tone, harambee ya wanachama na wananchi kuchangia chama kwa simu na benki. Kwa mtazamo wa ufundi, mpango huu ulitibu tatizo la Mrema. Mchango wa simu unaacha jina, namba, tarehe na kiasi. Watu 10,000 wakitoa shilingi 3,000 kila mmoja ni milioni 30, na chama kinabaki na watu 10,000 wa kuwarudia. Aliyetoa elfu tatu yake ana sababu ya kuja kuwa wakala, hivyo fungu la pili nalo linapungua.

Mtambo huo haukufika kwenye sanduku la kura. Lissu alikamatwa Aprili 2025 na kushtakiwa kwa uhaini. Chama hakikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, kikatolewa kwenye uchaguzi. Juni 10 Mahakama Kuu ikakizuia kufanya shughuli za siasa na kutumia mali zake, katika shauri lililofunguliwa na wanachama wa Zanzibar waliodai mgawanyo wa rasilimali kati ya pande mbili za Muungano si wa haki. Ukusanyaji ulijengwa. Mgawanyo ukawa mlango wa shauri mahakamani. Anayekusanya kwa uwazi atoe hesabu ya matumizi kwa uwazi uleule.

Mwaka huohuo Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alishinda umeya wa New York akiwa na kitu ambacho sisi hatuna. Jiji lile humwongezea mgombea dola nane kwa kila dola inayotolewa na mkazi, kwa dola 250 za mwanzo, naye hukubali ukomo wa matumizi. Machi alikuwa amefikia ukomo huo, akawaomba wafuasi waache kuchangia. Mpinzani wake Andrew Cuomo alisaidiwa na kamati ya nje iliyokusanya zaidi ya dola milioni 20, maana Marekani haizuii kamati hizo. Kwetu fedha za umma zipo pia, zinaitwa ruzuku. Tofauti ni kwamba ruzuku huenda kwa chama kulingana na kura na viti vya uchaguzi uliopita, hivyo humlipa mshindi wa jana.

Hukumu yangu ni hii: kukataa fedha za matajiri kunawezekana Vunjo, ila sheria ya sasa haimsaidii anayekataa. Inamlazimu kujaza fomu zilezile anazojaza mwenzake, kisha inazifungia zote ofisini. Marekebisho mawili yangetosha kuanzia: orodha za wachangiaji zichapishwe kabla ya siku ya kura, na sehemu ya ruzuku itolewe kwa kuzingatia idadi ya wachangiaji wadogo wenye majina. Bunge lisipofanya hivyo, mpiga kura wa Marangu asingoje. Mgombea atakayekuja na kauli ya kukataa matajiri aombwe daftari lake palepale mkutanoni, lisomwe kwa sauti, mapato na matumizi. Asiye nalo asipewe kura.